Mji Ambao Rispa Hakuwahi Kuuona

Rispa hakuwahi kusafiri kupita Nakuru, lakini ungemuuliza ghafla njia ya kutoka laini za nyumba za askari hadi kisima kikubwa cha El-Guda, angekuelekeza bila kubabaika. Angekwambia upite kando ya duka la Mwarabu, pale penye mizani ya kupimia tende, uache msikiti wa udongo mkono wa kulia, kisha ufuate mavi ya ngamia mpaka usikie wanaume wakiimba huku wakivuta maji. Angekuonya pia usivue viatu, maana mchanga wa kule saa sita mchana hauna mwenyeji wala mgeni.

El-Guda ulikuwa mji mdogo wa jangwani, mbali huko kaskazini. Rispa aliujua kwa mdomo wa mumewe tu. Nashon Aringo alikuwa askari huko tangu mwaka wa thelathini na moja hadi thelathini na sita. Baada ya hapo aliishi nyumbani miaka sitini mizima, kwenye boma lao juu ya barabara ya kutoka Homa Bay kwenda Rangwe, akafanya kazi bandarini Kisumu, akalima, akazaa, akazeeka. Lakini miaka hiyo sitini haikumpa la kusimulia. Ile mitano ndiyo iliyomjaa kinywani.

Alisimulia jinsi walivyolala juu ya mapaa kukwepa joto, na jinsi mtu alivyojifunza kutafuna wali wenye mchanga bila kusaga meno. Alisimulia lori la posta lililofika mara moja kwa mwezi, mji wote ukitoka kulilaki kana kwamba limembeba bwana harusi. Kulikuwa na buni zilizokaangwa kwa samli, zikaliwa kama njugu. Kulikuwa na vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa moshi, hata chai ikanukia kuni. Siku mvua iliponyesha, vyura walitoka ardhini ambako hapakuwa na tone la maji kwa miaka miwili, na wazee wazima wakakimbia barabarani wamevua mashati.

Vumbi na nzi wa huko ndivyo vilivyomla macho. Daktari wa misheni alimwambia hivyo zamani, na kufikia mwaka wa tisini Nashon alikuwa haoni tena ila mwanga na kivuli. Kila asubuhi Rispa alimwosha macho kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo, na kila asubuhi alipoguswa na maji ya chumvi, mzee alianza: "Sasa hii maji ni kama ya kisima cha tatu. Cha kwanza kilikuwa cha serikali, cha pili..."

Majirani walimcheka kwa upole. Rispa hakucheka. Alisikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote aliyepita bomani pale, miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mwezi wa nane mwaka wa tisini na sita, mjukuu wao Caren alikuja kukaa likizo. Alikuwa binti wa Elijah, mtoto wao mkubwa aliyekuwa akifanya kazi Nakuru. Kwa kuwa Caren alikulia huko, Dholuo yake ilikuwa ya kukwaruza, na wazee walizungumza naye Kiswahili. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Alikuja na redio ndogo ya kurekodi na kaseti sita, kwa sababu mwalimu wao alikuwa amewatuma wakawahoji wazee juu ya maisha ya kila siku ya zamani.

"Si vita na machifu, Kwaro," alimwambia babu yake. "Nataka tu vile watu walikuwa wanaishi. Walikula nini, waliamka saa ngapi."

Nashon alifurahi kama mtu aliyeongezewa miaka kumi. Wakaketi kivulini mwa nyumba, redio juu ya kigoda, na Rispa akakaa hatua chache kutoka hapo akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Siku mbili nzima zilikwenda. Kaseti ya kwanza ilijaa visima, ya pili ikajaa ngamia na kengele zao za mbao. Siku ya tatu, asubuhi, Caren aliuliza swali ambalo huenda hata hakulipanga.

"Na wewe Kwaro, miaka mitano hiyo yote ulikuwa unakaa peke yako?"

Mikono ya Rispa ilisimama katikati ya omena.

"Hiyo kitu inazunguka?" Nashon akauliza.

"Inazunguka."

"Zima."

Caren akazima. Mzee akakaa amegeuza uso upande wa ziwa, ambalo hakuliona, na ambalo mwaka huo hata wenye macho hawakuliona vizuri kwa jinsi magugu ya maji yalivyofunika ghuba. Kisha akasema, "Washa. Mimi ni mtu wa miaka themanini na nane. Washa niseme."

Akasema kulikuwa na mama mmoja mjane aliyeuza maziwa na buni karibu na kisima, na mama huyo alikuwa na binti, jina lake Dahabo. Hawakuwa na ukoo wa kuwatetea pale mjini. Nashon alimpenda yule binti. Alisilimu ili aozwe, akaitwa Nasoro, na mwalimu wa msikiti, Maalim Yusufu, ndiye aliyewafungisha ndoa. Mwaka wa thelathini na nne wakapata mtoto wa kike, wakamwita Habiba.

"Alikuwa na miaka miwili kazi yangu iliposimama," alisema. "Nilimwambia mama yake, naenda nyumbani kuwaambia wazee, halafu nawaita. Nilifika hapa, nikamkuta baba ameshakuwa mzee wa kanisa. Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe ni Nasoro? Nikasema nitasema mwezi ujao. Baadaye wakaniletea dani yako, nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, msichana mzuri wa misheni, nikaoa."

"Na wao?" Caren aliuliza kwa sauti ndogo. "Hawakukutafuta?"

"Hawakuandika. Niliacha jina la kanisa letu kwa Maalim, ili barua inipate. Hakuna kitu ilikuja. Nikajua basi, wameniacha kama mimi nilivyowaacha. Dahabo ameolewa na mtu mwingine."

Rispa aliinuka na ungo wake akaingia jikoni. Caren alidhani bibi ameudhika kusikia habari ya mke mwingine. Jioni alijaribu kumbembeleza. "Dani, usiumie. Ni mambo ya kitambo."

"Sijaumia kwa hilo," Rispa akajibu.

Barua ilikuja. Ilikuja mwaka wa thelathini na tisa, Rispa akiwa na miaka ishirini na moja, na ni yeye aliyeipokea.

Mwaka huo alikuwa na makaburi mawili madogo nyuma ya nyumba. Mtoto wake wa kwanza aliishi siku tisa. Wa pili, Akelo, alifika miezi mitano, akaanza kucheka, kisha homa ikambeba. Nashon alikuwa Kisumu bandarini. Mama mkwe alikuwa ameanza kusema, bila kuteremsha sauti, kwamba pengine mwanawe angetafutiwa mke mwingine, maana kuna nyumba zisizokaa mtoto. Sabato moja baada ya ibada, mwalimu wa kanisa aligawa barua, akaita jina la Nashon Aringo, na Rispa akaenda kuichukua, mke akimpokelea mume.

Alijua kusoma. Misheni ilimfundisha akiwa bado kwao Karungu, na hilo lilikuwa fahari yake. Aliifungua njiani, akiwa amejawa na hofu kwamba labda ni habari mbaya ya kazi. Ilikuwa karatasi moja, mwandiko umelala upande mmoja. Aliisoma mara tatu tu maishani mwake, lakini hakuisahau hata neno.

"Kwa Nasoro, yaani askari Nashon Aringo. Salamu nyingi. Baada ya salamu, sisi hapa tu wazima isipokuwa jambo la Mungu. Mkeo Dahabo amefariki kwa homa, mwezi wa Mfungo Mosi. Mtoto Habiba yuko hai, yuko kwa bibi yake, na anakuuliza. Bibi amezeeka na hana nguvu. Njoo umchukue mtoto wako, au utume mtu. Tunangoja. Ni mimi Maalim Yusufu, naandika kwa niaba ya bibi wa mtoto."

Hivyo ndivyo Rispa alivyojua kwamba yeye si mikayi. Mikayi, mke wa kwanza, ndiye nguzo ya boma la Mjaluo. Nyumba yake hujengwa ikitazama lango, na watoto wake ndio wakubwa hata wakizaliwa mwisho. Rispa hakuwa na mtoto hata mmoja, na sasa hata nafasi ile alikuwa ameikalia tu. Mtoto angekuja, wa miaka mitano, anayetembea na kusema, mkubwa wa boma. Mama mkwe angemkumbatia. Na yeye angepewa kazi ya kumlea mtoto wa marehemu huku wanawe wawili wamelala nyuma ya nyumba.

Alifika nyumbani, akasonga ugali wa jioni, na barua akaitia chini ya chungu. Iliungua haraka. Alipogundua alichofanya alikuwa tayari anaendelea kusonga.

Mwaka wa arobaini na moja akazaliwa Elijah, akaishi. Wakafuata wengine wanne. Hapo Rispa angeweza kusema. Alikuwa na mtoto mkononi, hakuna wa kumwondoa. Lakini miaka miwili ilikuwa imeshapita, na aliogopa kuulizwa miaka hiyo alikuwa wapi. Kisha ikawa kumi, kisha thelathini. Nashon alipoanza kusimulia juu ya El-Guda, Rispa alitega sikio akingoja afike kwa Dahabo. Hakufika kamwe. Kila mara alipokaribia muuza maziwa, sauti yake iliruka upesi kama mtu avukaye mtaro, ikatua kwenye ngamia. Rispa alijua mtaro huo uko wapi, na kila aliporuka mumewe, na yeye aliruka pamoja naye.

Sasa alikuwa amesikia kwa masikio yake: hawakuandika.

Siku nne alikaa na neno hilo. Sabato alikwenda kanisani akatoka katikati ya mahubiri, akisema ana kizunguzungu. Akapanga kwenda kwa kaka yake kule Karungu, akafunga mzigo, akaufungua. Siku ya tano asubuhi, Caren akiwa amekwenda sokoni, aliweka beseni la maji ya chumvi, akakunja kitambaa, akaanza kumwosha mumewe macho kama kawaida.

"Baba Elijah," akasema.

"Mm."

"Waliandika."

Nashon alikuwa ameinua uso, maji yanamtiririka shavuni. "Nani waliandika?"

"Watu wa El-Guda. Barua ilikuja kanisani, mwaka tuliomzika Akelo. Mimi ndiye niliyeipokea."

Mzee hakusogea. "Ilisema nini?"

Akamwambia. Hakupunguza wala hakulainisha. Aliisoma barua yote kana kwamba ameishika mkononi, tangu salamu hadi jina la Maalim.

"Rudia," akasema Nashon.

Akarudia. Alipofika kwenye mtoto, mzee akainua kidole.

"Hapo. Inasema ananiuliza?"

"Inasema 'na anakuuliza'."

"Iko wapi hiyo barua?"

"Niliichoma."

Mbuzi alilia huko nje. Rispa alikuwa bado ameshika kitambaa kwenye jicho la mumewe, na alihisi kope zikipapatika chini ya vidole vyake.

"Nyar Karungu," alisema Nashon polepole, "toa mkono wako usoni kwangu."

Tangu siku hiyo hakutaka kuhudumiwa naye. Hakupiga kelele, hakumtukana, hakuita wazee. Alimwomba Caren ahamishie kitanda chake katika kibanda cha wageni karibu na lango. Karibu mwaka mzima mke na mume waliishi boma moja, hatua arobaini kati yao, na mazungumzo yao yalikuwa ni kikohozi tu cha kujulisha kwamba mtu anapita.

Caren alipoelezwa na bibi yake habari ya barua alilia, kisha akakasirika, na hasira yake haikumchagua mmoja. Rispa alikuwa nyuma ya kibanda akianua nguo aliposikia mjukuu wake akisema, "Lakini Kwaro, wewe ulikuwa na kalamu pia. Ulijua kuandika."

"Nilijua."

"Na lori la posta lilikuwa linafika. Umeniambia wewe mwenyewe, kila mwezi."

"Lilikuwa linafika," mzee akasema.

Rispa alisimama na shuka mikononi, akitafuta kama maneno hayo yamempunguzia mzigo. Yalimpunguzia kidogo, kwa muda wa kukunja ile shuka. Kisha akamwona tena mtoto wa miaka mitano akiuliza.

Kabla ya kurudi chuoni Caren aliandika barua mbili, moja kwa chifu wa El-Guda na nyingine kwa imamu wa msikiti, akieleza majina yote na miaka. Baada yake, kazi ya kumwangalia mzee ilimwangukia Lorine, mke wa mpwa wao wa boma la jirani, mwanamke mchangamfu asiyeuliza sana. Rispa alipika, Lorine akapeleka. Nashon aliujua ugali wa mkewe kwa kuuonja tu, naye hakuukataa. Alikula kimya, akarudisha sahani.

Lililomuuma Rispa kuliko yote hakulitarajia. Mzee aliacha kusimulia. Hakusimulia kwa Lorine, wala kwa wageni, wala kwa wanaume waliopita kumsalimu. El-Guda ulizimika ghafla, kama redio iliyoishiwa betri. Asubuhi Rispa aliamka na kukuta kichwa chake kikingoja kisima cha kwanza, cha pili, cha tatu, na nyumba haina sauti.

Majibu yalichelewa hadi mwaka uliofuata, na hayakuja kwa karatasi. Mwezi wa sita, asubuhi ya saa nne, Rispa alikuwa akianika mahindi alipoona mwanamume mrefu, mwembamba, amesimama langoni na mfuko begani.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Hapa ni kwa Mzee Nasoro?"

Hakuna mgeni aliyewahi kulitamka jina hilo bomani mle tangu lijengwe. Rispa aliweka ungo chini. "Ni hapa. Wewe ni nani, mwanangu?"

"Mimi ni Abdinoor. Mama yangu alikuwa Habiba."

Rispa alilisikia lile "alikuwa". Alimpa kiti, akaingia ndani, akarudi na maji kwenye kikombe. Yule mgeni alipokipokea, Rispa akabaki amesimama mbele yake.

"Kabla hujanywa maji yangu," akasema, "sikiliza. Bibi yake mama yako aliandika barua ili baba yake aje kumchukua. Mzee hakuiona. Mimi niliichoma. Nilikuwa kijana na nilikuwa nimefiwa, lakini nilijua ninachofanya. Sitaki uje kuambiwa na mtu mwingine."

Abdinoor alikuwa mtu wa makamo, mfanyabiashara wa ng'ombe, ndevu zimeanza kuwa na mvi. Alikitazama kile kikombe kwa muda.

"Mama aliambiwa baba yake amekufa," akasema hatimaye. "Bibi yake alimwambia amekufa vitani. Wakamsomea hitima. Alikuwa na kama miaka saba."

"Kwa hiyo hakuwa anangoja?"

"Hakungoja. Lakini alikuwa na neno moja anapenda kusema, mambo yakimzidi. Alisema, baba angekuwa hai, angekuja."

Alikunywa maji, akakirudisha kikombe kwa mikono miwili, akaomba aonyeshwe mahali pa kuswali. Hakusema amemsamehe wala hakusema hajamsamehe. Rispa hakuthubutu kuuliza.

Nashon alimpokea mjukuu wake kwa mikono. Alimpapasa paji la uso, pua, ndevu, mabega. Alitamka maneno mawili matatu ya lugha ya kule, ya salamu, na Abdinoor akamjibu. Lorine alikuwa amekwenda kliniki siku hiyo, hivyo Rispa ndiye aliyeleta chai, na mzee hakumfukuza. Akakaa mlangoni, akasikia habari ya Habiba.

Habiba alikuwa na miaka tisa bibi yake alipokufa, ndipo alipopelekwa kwa mwenye duka, yule Mwarabu, kuwa mtumishi wa nyumba. Alilala jikoni. Aliamka kabla ya adhana kuchota maji. Akiwa na kumi na nne aliozwa mwanamume mwenye umri mkubwa, akazaa saba, wanne wakaishi. Aliuza maziwa kando ya kisima kama mama yake na bibi yake. Alikufa mwaka wa tisini na mbili, katika ule ukame mkubwa, baada ya ngamia wao wote kuisha.

Rispa alilijua duka lile. Miaka yote aliliona akilini kama mahali pa raha, tende zimerundikwa, mizani inang'aa, watu wakipiga soga kizingitini. Sasa aliona mtoto wa miaka tisa akipita nyuma ya ile mizani na debe kichwani, na hakuweza kulirudisha duka kama lilivyokuwa.

"Kisima kikubwa kipo bado?" aliuliza Nashon.

"Kipo, babu. Maji yamekuwa machungu sana. Wameweka pampu."

"Na wale wanaume wanaimba?"

"Pampu haiimbi, babu."

Mzee akatikisa kichwa. Kisha akasema, uso ameuelekeza mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia mkewe ameketi wapi, "Usimlaumu huyu mama peke yake. Yeye alipoteza barua moja. Mimi ningeweza kuandika mia."

Abdinoor alikaa siku tatu. Alipoondoka, Nashon aliomba kitanda chake kirudishwe nyumbani. Wakala meza moja tena. Waliongea juu ya mvua, mbuzi, na karo za wajukuu, maneno ya watu wawili waliochoka na wasio na mahali pengine pa kwenda. Kuhusu El-Guda hakusema lolote tena, na Rispa hakumwomba.

Mwisho wa mwaka huo mvua ilinyesha kama haina mpango wa kukoma, ikabomoa barabara na madaraja. Nashon alishikwa na kifua mwezi wa kwanza, na katikati ya mwezi wa pili, mwaka wa tisini na nane, akafariki mchana, Rispa akiwa amemshika kiganja.

Elijah alikuja kutoka Nakuru akashughulikia mazishi. Aliandika wasifu wa marehemu kwa ajili ya kusomwa mbele ya watu, akamletea mama yake aupitie. Rispa alivaa miwani, akasoma: ameacha mjane, Rispa, na watoto watano, wa kwanza akiwa Elijah.

"Hapa si sawa," akasema. "Wa kwanza ni Habiba."

"Mama." Elijah aliketi kando yake. "Tafadhali. Mchungaji atakuwa pale, kanisa lote litakuwa pale. Utawaambia kwamba baba alikuwa Mwislamu? Na mimi, kuanzia kesho nitaitwa mtoto wa nyumba ndogo?"

"Utaitwa Elijah kama siku zote."

"Watu watasema."

"Watasema. Nimewaogopa hao watu miaka hamsini na tisa, na umeona nilichofanya kwa ajili ya kuwaogopa."

Elijah alikataa kuusoma wasifu uliobadilishwa. Basi Rispa aliusoma mwenyewe. Siku ya mazishi, chini ya turubai, lililolowa na kulegea katikati, alisimama akiwa ameshikwa na Lorine upande mmoja na Caren upande wa pili, akasoma kwa sauti ambayo kipaza sauti kiliikwaruza lakini hakikuificha. Mke wa kwanza wa marehemu ni Dahabo, wa El-Guda, aliyefariki mwaka wa thelathini na tisa. Mtoto wa kwanza ni Habiba, naye hayuko tena. Mke wa pili ni Rispa.

Mnong'ono ulipita chini ya turubai kama upepo katika mtama. Mchungaji alitazama viatu vyake. Elijah aliondoka kwenye safu ya wafiwa, akaenda kusimama nyuma ya nyumba hadi jeneza liliposhushwa, na aliporudi Nakuru alimuaga mama yake kwa mkono tu. Wanawake wa kanisa, waliozoea kuja kwa Rispa kila Jumatano kwa maombi, walikosa kuonekana wiki sita.

Abdinoor alifika siku mbili baada ya mazishi, suruali imejaa matope hadi magotini. Daraja lilikuwa limevunjika njiani na alitembea kipande kirefu. Rispa alimpeleka kaburini, akamwacha peke yake amuombee babu yake kwa namna anayoijua. Alipomaliza alimkuta bibi ameketi mezani, mbele yake daftari la shule na kalamu.

"Uliniambia waliishi wanne," Rispa akasema. "Wewe ni mmoja. Nitajie hao wengine, na watoto wao, na wamezaliwa lini. Taja polepole, mkono wangu siku hizi si mwepesi."

Abdinoor akavuta kiti, akaanza na dada yake mkubwa.